Dima ya ukutani na balbu za LED: zinapepesa na swichi inalia mzzz. Kosa la balbu au la dima?

Mpangaji_Upanga
Wakuu habari za jioni.

Nimehamia flati moja ya zamani hapa Upanga. Sebuleni kuna swichi ya kuzungusha, ile dima ya kupunguza mwanga. Sikuiweka mimi, nimeikuta. Juu kuna taa ya kuning'inia ya matawi matano. Aliyetoka aliondoka na globu zake, nami nikanunua LED tano za wati 7, zile za umbo la mshumaa, skrubu ndogo.

Kitufe kikiwa mwisho kabisa zinawaka vizuri. Nikianza kurudisha nyuma zinapepesa, nikifika katikati mbili zinazima na tatu zinabaki zikicheza disko. Swichi yenyewe inalia mzzz kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa.

Fundi wa kwanza kasema balbu feki. Wa pili kasema umeme wa mtaa huu ni mdogo. Wote wawili walitaka hela ya nauli. Kabla sijatoa nyingine naomba msaada: nibadilishe balbu au dima? Na ni kweli dima inapunguza matumizi ya LUKU?

Kipanga
Toa hiyo kitu, weka swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima. Dima ni mambo ya hotelini.

Mpangaji_Upanga
Mkuu Kipanga, mke wangu anaumwa kipandauso, mwanga mkali jioni unamtesa. Ningependa ifanye kazi.

Fundi_Kurasini
Mkuu, mafundi wako hawajaangalia chochote. Fanya hivi kabla ya kununua kitu. Soma boksi la balbu, utuandikie kila kilichoandikwa. Halafu zima breka ya taa pale kwenye ubao (si swichi, breka), pima na testa uhakikishe umeme umekata, fungua skrubu mbili za dima, ivute nje taratibu bila kuchomoa waya. Nyuma kuna maandishi madogo. Yaweke hapa yote, pamoja na herufi yoyote iliyokaa peke yake.

Mpangaji_Upanga
Balbu: 220-240V, 7W, 2700K, E14, "dimmable".

Dima: jina la kampuni limefutika. Kinachosomeka ni 220-240V, 50Hz, 60-400W, na pembeni kuna herufi R na L ndani ya vijisanduku. Basi.

Fundi_Kurasini
Jibu lako lipo hapo hapo. Balbu zako ni za kupunguzika, hazina kosa. Dima ndiyo haikutengenezewa mzigo huo.

Angalia 60-400W. Watu wote husoma ile 400 na kuiruka 60. Hiyo 60 ndiyo mzigo mdogo kabisa ambao dima inauhitaji ili itulie. Aliyekuwepo kabla yako pengine alikuwa na globu tano za uzi (zile za zamani zenye kiwaya kinachowaka ndani) za wati 40, jumla wati 200, dima imestarehe. Wewe una 5 mara 7, wati 35. Uko chini ya sakafu yake.

Ndani ya dima kuna kitu kinaitwa triaki, swichi ndogo ya kielektroniki. Umeme wetu ni wa 50Hz, yaani unapanda na kushuka kama wimbi mara 50 kwa sekunde, maana yake kuna nusu-wimbi 100 kila sekunde. Triaki husubiri kidogo kila nusu-wimbi inapoanza, kisha hufungua njia. Ikisubiri zaidi, mwanga unapungua. Lakini ikishafungua, inahitaji mkondo wa kutosha upite ndani yake ili iendelee kushika. Mkondo ukiwa mdogo inaachia kabla ya wakati, nusu-wimbi inayofuata inajaribu tena, na kila mara inaachia mahali tofauti. Huko ndiko kupepesa kwako. Umeme wa mtaa hauhusiki.

Sasa herufi. R ni mzigo wa kawaida wa joto, globu za uzi. L ni mzigo wa koili, kama transfoma zile nzito za waya. C ni mzigo wa kapasita (kile kifaa kinachotunza umeme kwa muda mfupi), na saketi ndogo iliyojificha kwenye kitako cha balbu ya LED mara nyingi iko upande huo wa C. Dima yako haina C. Hiyo ni dima ya kukata kichwa cha wimbi: umeme unakaa sifuri, kisha unaruka juu ghafla. Kapasita ikipigwa na mruko huo inavuta mkondo mwingi kwa kishindo, mara 100 kwa sekunde, na vitu vya ndani vinatetemeka. Mzzz inatoka hapo.

Unachotaka ni dima ya kukata mkia. Yenyewe inaruhusu wimbi lipande pole pole tangu sifuri, halafu inakata mwishoni. Kwenye boksi utakuta "trailing edge", au herufi R na C. Zipo pia za RLC zinazokubali zote, bei yake imechangamka. Na mzigo wake uandikwe kwa LED, mfano 5-100W LED.

Kipimo cha bure kabla ya kwenda dukani: toa LED moja, weka globu moja ya uzi ya wati 40. Utakuwa na 28 na 40, wati 68, umevuka 60. Kupepesa kukipungua, tumeshajua. Usiiache hivyo siku zote, ni kipimo tu.

Mtaalam_wa_Nondo
Mzee umetisha. Mimi nimesoma umeme chuo na hizo herufi sikuwahi kuambiwa.

Kisauni_Boy
Ndugu zangu wa Bongo, hapa Mombasa tuna hila yetu. Kila chumba kina pangaboi, na regulata ya pangaboi ni bei rahisi kuliko dima. Watu wanaifunga kwa taa. Yangu imefanya kazi miaka kwa globu za zamani. Lakini tangu niweke za LED inafanya vile vile kama ya huyo jamaa wa Upanga. Kwani stima si ni stima?

Fundi_Kurasini
Kaka wa Kisauni, regulata za pangaboi ni za aina mbili. Ya kuzunguka laini bila ngazi huwa ni triaki, binamu wa dima ya zamani, ndiyo maana globu ya uzi ilikubali. Ile ya kukata tak-tak-tak 1 mpaka 5 siku hizi huwa na kapasita ndani, na saketi ya LED ikiunganishwa mfululizo na kapasita hiyo lolote laweza kutokea, ikiwemo balbu kufa mapema. Zote mbili usitumie kwa LED.

Na kinyume chake pia: dima ya taa usiifunge kwenye pangaboi. Mota inanguruma, inachemka, na dima ya kukata mkia haitakiwi kabisa kuona koili ya mota.

Kisauni_Boy
Sawa boss. Naitoa kesho.

Mchumi_wa_Mtaa
Nijibu lile swali la LUKU maana limerukwa.

Aliye kwenye T1 (bei ya mtumiaji wa kawaida) ananunua uniti kwa shilingi 292, ukiweka VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) 1 inafika kama 356. Balbu zako tano ni wati 35. Zikiwaka saa 5 kila usiku kwa siku 30 ni uniti 5.25, yaani kama shilingi 1,870 kwa mwezi. Tuseme unazipunguza nusu usiku wote, kila siku, bila kukosa. Umeokoa mia tisa na kitu. Kwa mwezi! Aliye D1 (bei ya mtumiaji mdogo) anayepata uniti kwa 100 kabla ya makodi, ni kama mia tatu na ishirini tu.

Linganisha na yule aliyetoka: globu za uzi 5 za wati 40, saa zile zile, uniti 30, kama 10,680. Hela iliokolewa siku LED zilipoingia kwenye tawi. Kilichobaki kwa dima ni chenji. Muuzaji akikuambia dima itarudisha hela yake kwenye LUKU, mwombe akukopeshe na kalkuleta.

Kipanga
Nilisema mimi. Swichi ya kawaida.

Mchumi_wa_Mtaa
Hapana Kipanga, hujasikia. Ana mgonjwa ndani. Dima inanunuliwa kwa ajili ya macho na utulivu, kama vile mtu anavyonunua pazia. Ninachosema ni asidanganywe kwamba ni akiba.

Fundi_Kurasini
Namuunga mkono. Niongeze: ni uongo mwingine kwamba dima "inakula" umeme unaoupunguza. Za zamani sana za jumba la maonyesho zilikuwa za rizista, kweli zilikuwa zinageuza umeme kuwa joto. Tangu Joel Spira kule Marekani atengeneze dima ya kielektroniki mwaka 1959, inakatakata wimbi tu, na yenyewe inapoteza kidogo. Globu ya uzi ndiyo ilikuwa mlafi: ukipunguza mwanga nusu bado inakula zaidi ya nusu ya umeme wake. LED inashuka karibu sawasawa na mwanga.

Jambo lingine ambalo mgonjwa wa kipandauso ataliona: jicho letu halihesabu kama mita. Mwanga ukishuka hadi robo kwa kipimo, jicho linaona kama nusu. Kwa hiyo dima inayoshuka hadi asilimia 25 tu haitakuridhisha usiku, utaona bado kunawaka. Uliza inashuka hadi ngapi pamoja na balbu hiyo.

Mbeba_Boksi_MN
Salamu kutoka Minnesota. Hapa dima za LED zimejaa madukani na wakati wa ofa ni bei ya kutupa. Kuna mtu anasafiri mwezi ujao, nimpe Mpangaji mbili tatu?

Fundi_Kurasini
Asante kwa moyo kaka, lakini usitume. Za huko ni za 120V, huku ni 230V. Ikifungwa huku itaungua, na ukutani si mahali pa kuungulia kitu. Hata boksi zenu za ukutani ni ndefu nyembamba, zetu ni za mraba za Kiingereza. Mwenye ndugu Uingereza ndiye anaweza kubebewa: volti, masafa na mashimo ya skrubu vinakubaliana na vya kwetu.

Mbeba_Boksi_MN
Basi nitatuma chokoleti.

Mama_Junia
Samahanini nadandia uzi. Nina mtoto mchanga, usiku naamka kunyonyesha na taa ya chumbani inamwamsha kabisa. Nilikuwa nafikiria dima. Chumba kina balbu moja tu ya wati 9. Zile zetu za enaji seva zilizojikunja ninazo pia kwenye kabati.

Fundi_Kurasini
Mama Junia, hongera kwa mtoto. Za kujikunja sahau kabisa kwenye dima, nyingi hazikubali na zinaweza kuchemka vibaya kitakoni. Kwa LED moja ya wati 9, dima nyingi zitasumbua maana mzigo ni mdogo, utatafuta inayoanzia wati 3 au 5.

Dada_Sinza
Mama Junia mpenzi, usihangaike na ukuta. Nunua kataa ka kuchomeka kwenye soketi, wati moja au pungufu, rangi ya njano siyo nyeupe, weka chini nyuma ya kitanda. Mimi nimelea wawili hivyo. Fundi hajaingia chumbani kwangu na mtoto hajaamka kwa taa.

Mama_Junia
Ahsante dada! Hilo sikuliwaza.

Geek_wa_Mikocheni
Mnajadili teknolojia ya bibi. Nunueni balbu za kisasa za waifai, unapunguza mwanga kwa simu, rangi unabadilisha, dima ya ukutani ya nini?

Fundi_Kurasini
Ni njia nzuri, na kwa nyumba ya kupanga huna haja ya kugusa waya. Ila masharti mawili. Balbu ya waifai usiifunge kwenye dima, inataka umeme kamili muda wote, kupunguza inafanya yenyewe ndani. Na swichi ya ukutani lazima ibaki imewashwa. Mgeni akiizima, simu yako inabaki na picha ya balbu tu.

Mpangaji_Upanga
Mkuu Geek, mama mkwe anakaa nasi na simu yake ni ya vitufe. Nataka kitu cha kuzungusha kwa mkono.

Zenj_Sola
Assalaam aleikum. Mimi nipo Unguja, Mwanakwerekwe. Nina dima ya kukata mkia, balbu sahihi, kila kitu kama alivyosema Fundi, na kwa umeme wa gridi inafanya kazi safi. Umeme ukikatika nikahamia kwenye inveta na betri, taa zinakuwa vichaa, na dima inachemka hata ukiigusa juu ya plastiki. Tatizo nini sheikh?

Fundi_Kurasini
Waaleikum salaam. Inveta yako inatoa wimbi la namna gani? Nahisi ni ile ya bei nafuu ya wimbi la ngazi-ngazi. Dima inasoma pale wimbi linapovuka sifuri ili ijue lini ikate. Kwenye wimbi la ngazi hilo sifuri limepindishwa, na kingo zake ni kali, kapasita inapata kishindo kila ngazi. Ama ubadilishe inveta iwe ya wimbi safi, ama taa yenye dima uitoe kwenye laini ya inveta, iwake kwa gridi pekee. Kwa sasa, gridi ikikatika, zungusha dima hadi mwisho au uzime taa hiyo. Inachemka hivyo usilale nayo imewashwa.

Zenj_Sola
Ni ya ngazi kweli, nimesoma boksi. Shukran.

Gipsam_Mwanza
Na sisi wa taa za paneli, zile bapa za kwenye gipsam? Nina 12 za wati 6.

Fundi_Kurasini
Paneli haina balbu ya kubadilisha, ina draiva, kale kaboksi keupe kanakolala juu ya gipsam. Draiva ndiyo inapaswa kuandikwa kwamba inapunguzika. Nyingi zinazouzwa huku haziandikwi hivyo, na ukizifunga kwenye dima zitafanya vituko mpaka draiva ife. Paneli yenyewe inaweza kubaki, ukabadilisha draiva, mradi volti na miliampia za pato zilingane na za zamani. Fungua moja uniandikie.

Taa za ukanda ni habari nyingine, hizo ni 12V au 24V na kidima chake kinakaa upande wa chini baada ya pawa saplai. Tufungue uzi wake.

Mpangaji_Upanga
Nimerudi na majibu.

Kwanza kile kipimo. Globu ya uzi ya wati 40 nilihangaika kuipata, nikaikuta duka moja Kariakoo kwenye kikapu cha vitu vya zamani. Nimeiweka tawi moja, LED nne: kupepesa kumekwisha karibu kote! Ila mzzz imebaki. Kama alivyosema Fundi, matatizo yalikuwa mawili.

Halafu nikabeba balbu zangu zote tano kwenda dukani. Muuzaji alitaka kunipa dima yoyote, "zote sawa bosi". Nikamwomba afunge zile mbili nilizozichagua (zote trailing edge, 5-100W LED) kwenye ubao wake wa kujaribia wenye holda. Alinuna, lakini alifunga. Ya kwanza, ya kampuni nyingine, ilikuwa inaanza kuwasha kitufe kikifika theluthi. Ya pili ilishuka mpaka ule mwanga wa kuonea njia tu, kimya kabisa. Nimechukua ya pili.

Fundi mwenye leseni ya EWURA ameifunga leo. Tatizo dogo: boksi la ukutani ni la chuma, lina kina cha milimita 25, dima nene, nyaya zilikuwa zinabanana. Alizipanga upya, ikaingia. Kilichobaki: nikishusha kabisa, balbu moja kati ya tano inazima kabla ya zenzake.

Fundi_Kurasini
Safi sana, na ule ubao wa kujaribia ndio somo ambalo wateja wengi hawadai. Kwa boksi, nyingine zinataka milimita 35, una bahati.

Hiyo balbu moja: balbu hazishuki zote kwa mwendo mmoja, hata za boksi moja. Toa kitufe cha kuzungusha kwa kukivuta taratibu au fungua fremu, dima nyingi za LED zina kiskrubu kidogo cha kuweka kiwango cha chini kabisa, pengine kimeandikwa MIN. Breka ikiwa imezimwa kizungushe kidogo sana kuelekea kuongeza, washa, jaribu. Lengo ni pale ambapo hata balbu mbishi inabaki imewaka kitufe kikiwa chini. Na usije ukachanganya chapa kwenye taa hiyo. Moja ikifa, nunua ile ile.

Mpangaji_Upanga
Kipo! Kiko chini ya kitufe, cha rangi nyeupe. Robo mzunguko tu na zote tano zinashuka pamoja.

Dada_Sinza
Na rangi je? Mimi za kwangu nikizipunguza zinabaki na ule weupe wa hospitali, hazigeuki za dhahabu kama globu za zamani.

Fundi_Kurasini
LED ya kawaida ukiipunguza rangi haibadiliki dada, 4000K (namba ya rangi ya mwanga, hiyo ni nyeupe) inabaki 4000K hata ikiwa hafifu. Uzi wa globu ndio ulikuwa unapoa na kuwa mwekundu. Ama ununue 2700K, ya njano, tangu mwanzo kama Mpangaji, ama utafute zilizoandikwa "dim to warm", hizo zinashuka na rangi pia. Ni ghali, na si kila duka linazo.

Ngazi_Tabata
La mwisho jamani. Nina ngazi, swichi ya tuwei chini na nyingine juu, LED tatu. Naweza kuweka dima zote mbili, chini na juu?

Fundi_Kurasini
Mbili hapana, zitagombana, moja inakata kilichokwisha kukatwa na mwenzake. Weka dima upande mmoja tu, iwe ya tuwei yenye terminali tatu, upande wa pili iache swichi yako ya kawaida. Utawasha na kuzima popote, kupunguza utapunguza pale penye dima. Mimi ningeiweka juu, karibu na vyumba.